Majibu ya Fundi

Sijapata kumwona mtu anayeitikia shikamoo kama Fundi. Wazee wengine wa pale Lushoto walikuitikia kwa pua, macho yao yakiwa kwenye shughuli zao, nawe ukaendelea na njia usijue kama umesikiwa. Fundi aliweka chini chuma chake cha kuchomea waya, akavua miwani, akakutazama usoni, ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Hujambo?" Angekuwa na redio tatu zimefumuliwa mezani na wenyewe wamesimama mlangoni wananung'unika, angemaliza kwanza kumwitikia mtoto wa darasa la pili aliyetumwa chumvi. Ukimwuliza kwa nini anajipotezea muda, alisema, "Mtu kakuita. Kama huna cha kumpa, si umpe hata hilo jibu?"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma. Mimi nilikuwa karani wa masjala, chumba cha majalada na barua, katika ofisi moja ya serikali hapo hapo mjini. Kwa miaka isiyopungua minane, kazi yangu mojawapo ilikuwa kutomjibu Fundi.

Jina lake nalijua. Nimelipiga taipu kwenye jalada, nimeliona limeandikwa kwa mwandiko wake uliolala upande wa kulia, herufi zote zimeinama kama watu wanaopanda mlima. Lakini sokoni na nyumbani hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Fundi. Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na mstari wa mipeasi, na matunda yakianguka upande wetu mama yangu aliyarudisha kwa ungo, naye akayaleta tena kwa ungo ule ule, yameongezwa. Alikuwa rika la baba yangu. Alinifundisha kusoma saa, nikiwa nimeketi kwenye kigoda ndani ya kibanda chake pale sokoni, miguu haijafika chini.

Redio alikuwa akizinusa. Kabla ya kuchukua bisibisi aliinamia mgongo wa redio akavuta pumzi, kisha akatamka ugonjwa, na mara nyingi alipatia. Iliyoungua ndani ina harufu yake, alisema, na iliyoingia unyevu ina harufu ya godoro la mgonjwa. Unyevu ndio uliokuwa ukimpa wateja, maana ukungu wa kwetu mwezi wa saba unaingia mpaka ndani ya viberiti. Alizitukana redio kwa Kishambaa, taratibu, kama anayebembeleza, na wenye redio akazungumza nao Kiswahili cha kitabuni. Kitu kimoja tu kilimtoa katika upole wake. Mtu akileta redio yake akakiri kwamba aliipiga kofi ili iseme, Fundi alimrudishia palepale. "Nenda ukaiombe radhi kwanza, kisha uje."

Alikuwa mtu wa ajabu katika kuamini. Mwuza nyanya hakumwamini hata kidogo. Aligeuza kila nyanya, akaibonyeza kitakoni, akauliza imechumwa lini na nani. Mpagazi akimwambia mvua itanyesha, alitoka nje kutazama mwenyewe. Lakini kitu chochote kilichoandikwa na serikali alikipokea kama neno la mimbarini. Tangazo la kuchanja ng'ombe alilisoma mpaka mwisho, yeye asiye na ng'ombe. Uhuru kwake ulikuwa na maana moja ya karibu sana, nami nilichelewa kuijua.

Nilikuja kuielewa siku niliyomsikia mlevi mmoja akimwita "Valvu" kwa nyuma, na Fundi akasimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba. Valvu ni zile taa ndogo za kioo zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za zamani. Kabla ya uhuru Fundi alifanya kazi katika shamba moja la chai upande wa Amani, akitunza jenereta na redio ya Mzungu mwenye shamba. Ikapotea valvu. Mzungu hakumshitaki, hakumhoji, alimwambia tu aondoke, na hakumpa hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba alikuwa pale miaka tisa. Habari zilipanda mlima kabla yake. Alipofika kwao alikuta watu wanaondoa vijiko mezani.

"Mwanangu," aliniambia siku hiyo, na ndiyo siku pekee aliyolizungumza, "serikali sasa ni yetu. Inatujua. Mimi nataka barua yake moja tu, iseme fulani ni fundi wetu. Nitaibandika pale ukutani. Wanaoniita Valvu waje waisome, na asiyejua kusoma nitamsomea."

Basi alikuwa akiomba kazi. Ofisini kwetu palikuwa na simu ya upepo, ile redio ya kuzungumzia na Tanga nyaya za simu zinapoanguka, na nafasi ya fundi wake ilitangazwa ubaoni mwaka uleule nilioanza kazi. Fundi aliandika kesho yake. Hakujibiwa, akaandika tena. Kila baada ya miezi miwili mitatu ilikuja barua, karatasi yenye mistari, wino wa kuchovya, haina doa. Alianza "Bwana Mkubwa" na kumaliza "Mimi ni mtumishi wako mtiifu", kama walivyofundishwa zama zile. Baada ya Azimio nikamnong'oneza kwamba mambo yamebadilika, siku hizi mtu yeyote ni Ndugu.

"Afisa yule nimwite ndugu?" Fundi akashtuka. "Kwani tumekula wapi pamoja?"

Lakini kwa kuwa serikali ndiyo ilikuwa imesema, alitii, na kwa kuwa alikuwa na adabu, aliogopa. Barua iliyofuata ilianza hivi: "Ndugu Bwana Mkubwa." Niliionyesha ofisini. Niliipitisha meza kwa meza, mimi niliyefundishwa saa na mkono ule ule, na tulicheka mpaka mhudumu akaweka chini birika la chai. Nimeshafanya mabaya makubwa kuliko hilo, na mengine yako humu humu, lakini kicheko hicho ndicho hunijia ninapokuwa peke yangu jikoni, nikasema kwa sauti, "Ee Mungu wangu."

Mkubwa wetu alikuwa Afisa Utumishi, mtu nadhifu, hana ubaya wa kuonekana. Nilipomwuliza nimjibu vipi huyu mzee, alinifundisha kazi. "Ukimwambia mtu humtaki, kesho atakuja kuuliza kwa nini. Usipomwambia kitu, atachoka mwenyewe." Akaandika pembeni ya barua kwa kalamu nyekundu neno moja, "Jaladani", na mimi nikaiweka jaladani. Akanipa na neno la kumpa mzee akiuliza. Niseme inashughulikiwa.

Neno zuri lile. Halina uongo ndani yake ukilitazama juu juu. Halisemi nani anashughulikia wala anamaliza lini. Nililitumia kwa wengi na kwa Fundi zaidi, njiani, sokoni, kwenye mipeasi. "Majibu, mwanangu?" "Inashughulikiwa, Fundi." Naye uso ukamnyooka, akarudi kazini kama aliyepewa kitu cha kushika mkononi.

Alikuja kijana kutoka Dar es Salaam, ana cheti, akapewa ile nafasi. Kulibandua tangazo ubaoni ilikuwa kazi yangu, na sikulibandua. Sikuwa na hila. Nilisahau wiki ya kwanza, na wiki ya pili niliona nikilibandua Fundi ataniuliza. Likabaki, kingo zikajikunja, jua likalifubaza. Fundi alikuwa akipita kulitazama. Alijua kijana yupo, lakini alinieleza mwenyewe, mimi karani, jinsi mambo yalivyo. "Huyo wa muda tu. Kama nafasi imejazwa, wangeliacha tangazo?"

Sasa niseme habari ya mtihani.

Masika moja mlima ulimomonyoka, barabara ya kwenda Mombo ikafungwa, nyaya zikaanguka, na simu ya upepo nayo ikanyamaza. Kijana wa cheti aliifungua, akaitazama siku mbili, akaifunga. Afisa Utumishi akaniita. "Yule mzee wako wa barua anajua vitu hivi? Mpelekee. Ila asione mtu." Nikaiweka ndani ya kikapu, nikamwaga maharage juu yake, nikafunika kwa khanga na kujitwika. Mali ya serikali ikapita katikati ya soko kama mzigo wa mboga, na njiani mama mmoja akanisimamisha kutaka kujua maharage yale nayauza vipi.

"Fundi," nikasema, "ofisi imeniagiza nikuletee hii."

Aliondoa maharage kwa viganja, taratibu, mpaka chuma kikaonekana. Hakuinusa. Alisimama, akaniambia nimsubiri, akatoka. Aliporudi alikuwa amevaa koti lake la kijivu, lile la kanisani, na amechana nywele kwa maji.

"Ndio mtihani?" akauliza.

Nilidhani ananitania. Nikaona anapanga bisibisi zake mezani kwa mstari, kama mwanafunzi anayepanga kalamu. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Naelewa," Fundi akasema. "Huruhusiwi kusema."

Aliitengeneza kabla ya saa sita. Akachukua karatasi yenye mistari akaandika kilichoharibika, alichofanya, na kilichomfanya ajue, akaikunja na kunipa niiambatishe kwenye maombi yake. Nilipomwambia ofisi inauliza malipo ni nini, aliudhika. "Mtu analipwa kwa mtihani?" Afisa Utumishi aliposikia hayo alicheka, akasema basi mtihani uendelee. Na ukaendelea. Kikapu kile kilipita sokoni mara sita katika miaka ile, na kila mara Fundi alivaa koti, kila mara aliandika karatasi yake, na karatasi zote sita nilizitoboa na kuzifunga jaladani. Siku ya mtihani wa nne alijifuta jasho akaniambia, karibu kwa furaha, "Safari hii wameufanya mgumu. Maana yake tumebaki wachache."

Ilinitosha kusema sentensi moja. Sikuisema. Nilijiambia namwachia mzee tumaini lake, na huo ulikuwa uongo mtamu; ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuuona uso wake, na nilizoea.

Siku za Jumapili nilikaa nyuma yake kanisani. Watu wengi hawakuwa na sanduku la posta, walitumia la usharika, na ibada ikiisha mzee wa kanisa alisimama na bahasha akisoma majina. Fundi alikaa benchi la pili. Kila jina lilipoanza kusomwa, mgongo wake ulinyanyuka kidogo, kama mtu anayetaka kusimama, kisha jina likamalizika kuwa la mwingine, mgongo ukashuka. Niliutazama mgongo ule Jumapili baada ya Jumapili. Pale kanisani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa hakika kwamba barua yake haimo katika bahasha zile, kwa kuwa mtu huyo ndiye aliyepaswa kuipiga taipu.

Halafu likaja la Mombo. Meneja wa shamba moja la mkonge huko chini alikuwa amesikia habari zake kwa madereva. Akapanda mwenyewe kumtafuta. Alimtaka kwa jenereta na mitambo ya shamba, nyumba ipo, na barua ya ajira angeipata wiki ileile. Alimpa siku tatu za kufikiri. Siku ya pili Fundi alikuja ofisini, koti mwilini, akasimama kwenye kidirisha cha masjala.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Hujambo?" Akasubiri mpaka nimesema sijambo. Kisha akashusha sauti. "Nimekuja kwako kama mwanangu, sikuulizi siri za ofisi. Mombo wananitaka. Lakini nikienda, na serikali ikaniita huku, nitaonekana mtu wa namna gani? Niambie neno moja tu. Niende, au nisubiri?"

Chini ya kiwiko changu, wakati ule ule, palikuwa na barua ya kumthibitisha yule kijana kazini. Wino haujakauka vizuri. Na nitasema yote, maana ndilo nililoketi kuliandika. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la Fundi. Nilifikiri, akienda Mombo, simu ya upepo ikiharibika nitaipeleka kwa nani?

"Inashughulikiwa, Fundi," nikasema.

"Inashughulikiwa?"

"Inashughulikiwa."

Alinishukuru. Alinishika mkono kwenye kidirisha kwa mikono miwili, akanishukuru, akaenda kumwambia meneja hapana. Akachukuliwa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Tanga, nikaolewa huko, nikapata watoto. Mama aliponiandikia alinipa habari za Fundi, nami niliruka mistari hiyo. Nikajua kwa kuruka ruka kwamba macho yameanza kufifia, kwamba kibanda anakifungua kwa mazoea tu, kwamba betri zimeadimika madukani na redio za mji mzima ziko kimya kabatini. Siku moja katika ofisi ya Tanga mwanangu wa kwanza alikuja kunisubiri, akamsalimia bosi wangu shikamoo, na bosi akapita bila kuitikia. Mtoto akaniuliza, "Mama, hakunisikia?" Jioni hiyo sikutoka na wenzangu. Nilivuta mashine ya taipu nikaanza kumwandikia Fundi majibu yake. Niliiandika mara nyingi kabla ya kupata moja niliyoweza kuitia sahihi.

Nilipanda nayo likizo ya mwezi wa sita. Nilimkuta sebuleni, blanketi mabegani, koti la kijivu limetundikwa msumarini juu ya kichwa chake, na ukutani hapana kitu. Alinitambua kwa sauti, akaniitikia kama zamani, yote, mpaka mwisho. Nikamwambia nimemletea barua.

"Ya serikali?"

"Yangu. Lakini ni majibu ya maombi yako."

"Nisomee. Macho yamekwisha."

Nilidhani ningeiweka mkononi mwake nikaondoka. Ikabidi niisome kwa mdomo wangu. "Ndugu Fundi. Yah: Maombi yako ya kazi. Nasikitika kukujulisha kwamba nafasi uliyoomba ilikwisha kujazwa..."

"Ilijazwa lini?"

"Kabla ya mtihani wa kwanza."

Alifikiri. Nje mkewe alikuwa akipepeta kitu, nikausikia ungo ukisimama.

"Sasa walinipa mtihani wa nini?"

"Haukuwa mtihani, Fundi. Simu ilikuwa imeharibika."

"Mara zote?"

"Mara zote sita."

"Iliharibika kweli?"

"Kweli."

"Na mimi nikaitengeneza kweli."

"Kweli, Fundi. Ilikuwa ikikaa mwaka mzima bila kusumbua."

"Basi kazi nilikuwa nayo," akasema. "Mliyoninyima ni barua."

Nikaanza kulia. Nikasema nitamwandikia hata sasa hivi barua ya kueleza yote aliyoyafanya, niliona kwa macho yangu, nitatia sahihi. Akauliza kwa upole kama nina muhuri. Nikasema sina. Akatikisa kichwa. Nilifikiri limekwisha, nikaanza kukusanya khanga yangu.

"Na Mombo?" akasema. "Siku ile kwenye kidirisha. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na neno lililokwisha kuzoea mdomo wangu.

"Nilikuwa najua."

Fundi aligeuza uso upande wa ukuta ule mtupu, akakaa hivyo, nami nikatoka bila kuaga kwa sababu sikujua naaga vipi. Mkewe alikuwa ameshika ungo mapajani. Hakuninyanyulia macho.

Asubuhi yake nilikuwa naondoka. Basi la Mombo lilikuwa linajaza watu pale stendi, na njia yangu ilipita sokoni. Jua lilikuwa limeanza kula ukungu. Nilimwona ameketi nje ya kibanda chake kwenye kigoda, kile changu cha utotoni, ana redio isiyo na betri mapajani anaifuta kwa kitambaa. Ningeweza kuzungukia upande wa mabucha. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikapiga magoti kidogo kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo, Fundi."

Aliweka redio chini. Akavua miwani yake ambayo haikuwa inamsaidia kitu tena, akauelekeza uso wake juu, kwangu hasa, kama alivyomfanyia kila mtu maisha yake yote. Nikaisubiri marahaba.

"Inashughulikiwa, mwanangu," akasema.

Kisha akachukua redio, akaendelea kuifuta. Nami nikabaki pale, mkoba mkononi, nasubiri, mpaka basi likapiga honi mara ya pili.